Njaa ya Siku za Giza

Siku niliyojua kwamba mwili umenizidi sikuwa mbele ya kioo wala juu ya mzani. Nilikuwa kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma mjini, karibu na soko, saa saba mchana, mteja hakuna, nikaamua nijipime gauni la sare ya harusi ya mtoto wa wifi yangu. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na minane nimezungusha futi kwenye viuno vya wanawake wa Kigoma bila kubadili uso, maana fundi mwenye adabu hashangai vipimo vya mtu. Siku hiyo futi ilisoma inchi 44 na nikashangaa kwa sauti. Nikabana tumbo, nikapima tena, ikaja 43. Kwenye daftari nikaandika 42.

Magauni yangu yote nilikuwa nimeshayafumua ubavuni. Mtu mwingine nguo ikimbana inabidi anunue nyingine, na hapo ndipo anaposhtuka. Fundi anafumua mshono, anaachia kidogo, anajiambia kitambaa kilirudi kwenye maji.

Mzani wa duka la dawa ulisema kilo 91. Urefu wangu ni sentimita 160. Binti yangu mkubwa, anayesomea uuguzi Tabora, akanipigia hesabu kwa simu: kilo zako unazigawanya kwa urefu wa mita, jibu unaligawanya kwa urefu huohuo tena. Ikaja 35 na ushee. Akaniambia ikivuka 25 uzito umezidi, ikivuka 30 huo ni unene wa kitabibu. "Mama, wewe punguza tu kula," akasema. Alikuwa bado mwaka wa kwanza.

Nikaanza Januari 2023. Shoga yangu mmoja alinirushia ratiba kwenye simu: asubuhi maji ya moto na limau, mchana tunda moja, jioni kachumbari, na ikifika saa kumi na mbili mdomo ufungwe. Hiyo saa kumi na mbili nilikuja kuicheka baadaye. Aliyeitunga bila shaka yuko pwani, ambako muda huo watu wanawasha taa. Sisi huku mwisho wa nchi jua letu linachelewa kuzama kama dakika arobaini nyuma ya Dar es Salaam. Saa kumi na mbili kamili bado natunga uzi kwenye sindano bila taa, na ndio kwanza wateja wanatoka kazini wanapita kuchukua nguo zao. Magharibi yenyewe inaadhiniwa karibu na saa moja. Nilikuwa nimeambiwa nifunge kula jua likiwa bado linanitazama.

Lakini nilifuata, na mchana niliweza vizuri. Njaa ya mchana siiogopi, nimefunga Ramadhani tangu nina miaka tisa. Mama ntilie wa jirani akikaanga mgebuka, moshi unaingia mpaka kwenye cherehani, nami nasukuma kanyagio tu. Wenzangu wa vibanda vya jirani wakanisifu. Nikajiona mtu wa msimamo.

Kisha usiku unaingia.

Lazima nieleze usiku wa nyumba yangu ulivyo. Tunakaa Kibirizi, juu kidogo ya mwalo, na mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Boti si yake, tajiri ni mwingine. Yeye ni mmoja wa wanaovuta nyavu. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri. Mwanga unawavuta samaki juu, wavu unawazoa. Kwa hiyo kazi hii inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawajikusanyi kwenye taa, na wavuvi wanabaki nyumbani siku kama kumi hivi wakirekebisha nyavu. Mwezi ukipungua tunasema giza limeingia, na yeye anaondoka saa kumi na moja jioni na koti lake na chupa ya chai. Nitamwona tena jua likishatoka. Wageni wakija Kigoma wanapenda kusimama kilimani usiku wapige picha zile taa, wanasema ni kama kuna mji umejengwa juu ya maji. Ni nzuri kweli. Mimi huwa nazihesabu.

Kila jioni ya giza nilikuwa namwandalia chakula cha kurudia. Mvuvi akitoka ziwani anataka kula kabla hajalala. Nilikuwa napika ugali wa muhogo, au nasukuma chapati, na mgebuka au dagaa wa kuunga kwa mawese, vyote ndani ya hotpoti, juu ya meza ya jikoni, nimefunika kitambaa nilichokitarizi mwenyewe. Saa tatu watoto wawili waliobaki nyumbani wanalala. Saa nne nazima taa. Saa tano macho makavu, na nyumba nzima kumebaki mimi na hotpoti.

Nataka niwe mkweli kuhusu hamu ile, maana watu wakisema "njaa ya usiku" unafikiri tumbo linanguruma. Langu halikunguruma. Hamu ilikaa nyuma ya ulimi. Nilikuwa nasikia harufu ya mawese kana kwamba imepita kwenye kifuniko, ikapita chini ya mlango, ikaja kukaa kwenye mto. Naamka nikanywe maji. Kila mshauri anakwambia kunywa maji, hamu itapita. Nilikunywa maji mpaka nikawa natoka mara tatu kwenda chooni, na njia ya chooni kwetu inapita jikoni. Anayetoa ushauri ule choo chake kimo chumbani.

Nafungua hotpoti. Nakata pembe ya chapati, ya kuonja tu. Sasa chapati imepinda upande mmoja, itaonekana. Naisawazisha upande wa pili. Ukiwa fundi jicho lako haliwezi kuvumilia upande mmoja ukizidi mwingine, kwa hiyo nalinganisha huku, nalinganisha kule, na chapati inalinganishwa mpaka inaisha. Kisha kitoweo kinabaki kingi kuliko chapati, nacho inabidi kilinganishwe.

Nilikula nimesimama, gizani, kwa vidole, mlango wa jikoni nimeurudishia. Taa siwashi. Sahani sichukui, kwa sababu ukichukua sahani unakula, na mimi sikuwa nakula, nilikuwa napunguza mwili.

Asubuhi moja mume wangu akafungua hotpoti, akaniangalia. "Fundi, jana tulikuwa na wageni?" Ananiita hivyo, Fundi. Nami bila hata kufikiri nikasema ni mwanao huyu, siku hizi anaamka usiku na njaa. Mtoto wetu wa mwisho, wa kiume, miaka saba wakati ule. Baba yake akamwita. Hakumpiga. Alimkanya tu kwamba chakula cha mtu anayetoka ziwani hakiguswi, mtu huyo amekesha. Mtoto akanitazama mimi, si baba yake. Hakusema kitu, akaenda kuvaa viatu vya shule.

Ilipofika Aprili nilikuwa na kilo 93.

Nisingekwenda kituo cha afya kwa ajili ya unene. Nilikwenda Septemba kwa kichwa kilichouma wiki nzima. Presha ikasoma 150 kwa 95. Wakapima sukari, ilikuwa salama. Nesi aliyenipokea alikuwa mtu mzima, miwani chini ya pua, akaanza kuniuliza kama mtu anayejaza fomu.

"Asubuhi unakula nini, mama?"

"Maji ya limau."

"Mchana?"

"Chungwa. Siku nyingine sili."

"Jioni?"

"Kachumbari."

Akaweka kalamu chini. "Na usiku?"

Nikanyamaza.

"Sema tu. Hapa hawaji wanaokula mchana."

Nikasema. Hakushangaa, naye ni fundi wa namna yake. Akaniambia, "Mama, wewe kutwa nzima unakopa. Usiku tumbo linakuja kudai, na linadai na riba." Nikapangiwa tarehe za kurudi kupima presha, nikaambiwa nipunguze chumvi, na kuhusu uzito nikaambiwa neno ambalo sikulitarajia: kula. Kula asubuhi, kula mchana, chakula chenye maharage au samaki au yai ndani yake, si tunda peke yake.

Binti yangu nikamwambia kwa simu. Alikuwa ameingia mwaka wa pili na alishapunguza makali. Akanitumia ujumbe wa sauti mrefu, nikausikiliza huku nashona zipu. Akasema tumbo likikaa tupu linatoa homoni inayoitwa ghrelini, hiyo ndiyo inayoupigia ubongo kelele ya njaa. Na mtu asiyelala vya kutosha kelele hiyo inazidi. Kisha akanisimulia jambo ambalo mpaka leo nawasimulia wateja. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, huko Minnesota, Marekani, wataalamu waliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, wakawapunguzia chakula kwa miezi sita ili wajifunze namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Wale vijana waligeuka. Walikuwa wanazungumza chakula, wanaota chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Wanaume wazima, wanasoma jinsi ya kupika vitu ambavyo hawataonja! Nikasimamisha cherehani. Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa nimekata mkono wa blauzi ya mteja ukapungua inchi nzima kwa sababu nilikuwa nawaza sambusa.

Basi nikaanza kula mchana, na hapa sina simulizi kubwa, ilikuwa raha. Asubuhi uji wa ulezi na yai la kuchemsha, au maharage yaliyolala na kipande cha muhogo. Mchana nabeba kutoka nyumbani: ugali wa ngumi moja, dagaa wengi, sombe, yaani kisamvu, nyingi. Wenzangu wakacheka, "Fundi, si ulikuwa unapunguza mwili?" Nikawaambia ndio napunguza, sogeeni mle. Chakula cha jioni nikakihamishia saa moja na nusu, baada ya magharibi, pamoja na watoto. Nyumba ya mvuvi wa dagaa kukosa samaki mchana na kula mafuta usiku, ukiwaza vizuri ni aibu.

Kitu kimoja kilichonipa taabu ni mawese. Sisi watu wa Kigoma mawese hatuyahesabu kama mafuta. Ni rangi ya chakula, ni dawa, ni asili, michikichi imo mpaka nyuma ya nyumba. Na ni kweli yana ule wekundu unaoupa mwili vitamini A. Lakini binti yangu akaniambia gramu moja ya mafuta ina kalori 9, yawe ya kiwandani au ya mchikichi wa babu yako, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120. Mimi nilikuwa namimina kwa jicho, na jicho la mtu wa hapa likiona mawese linaona haya kusimama mapema. Siku moja nikamimina kama kawaida, safari hii kwenye kikombe, nikapima kwa kijiko. Vijiko saba, kwenye mboga ya watu wanne. Nikashuka mpaka vitatu. Mama mkwe alionja, akasema mboga imepauka kama shuka la hospitali. Nilivumilia.

Baada ya mwezi ile hamu ya usiku ilipungua nusu. Nusu. Zile siku nilizokuwa natoka kitandani nikiwa natetemeka kwa njaa ya kweli ziliisha. Lakini mkono ulikuwa bado unakwenda kwenye hotpoti hata siku nilizokula vizuri kutwa nzima, na hilo lilinichanganya, maana deni nilishalipa, sasa huyu anayegonga ni nani?

Binti yangu akaja na jambo jingine. Kuna daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliyeandika mwaka 1955 kuhusu watu ambao asubuhi hawana hamu ya kula kabisa, usiku ndiyo wanakula, na usingizi wao ni wa shida. Hali hiyo ina jina kitabibu, inatibiwa, na mara nyingine inakwenda pamoja na sonona. "Mama, je, ni kila usiku?" Nikasema ndiyo, kila usiku. "Una hakika? Andika kwanza. Ukiona ni kila usiku, tumwone daktari."

Nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikageuza nyuma, nikaandika tarehe za mwezi mzima. Usiku niliolala bila kula naweka vema, niliokula naweka kosa, kama mwalimu anavyosahihisha. Ilikuwa Oktoba. Novemba nikaendelea. Sikuwa nalikagua daftari, nilikuwa najaza tu asubuhi na kulifunga, kwa sababu yale makosa yalinitia aibu.

Mwisho wa Novemba daftari likabaki wazi juu ya meza. Mume wangu alikuwa nyumbani, mbalamwezi kali, anashona wavu mlangoni. Akaingia kuchukua kisu, akaliona. Akasimama nalo, akalisogeza mbali kidogo na macho, anahitaji miwani lakini hataki kusikia. Kisha akasema, "Fundi, unaniandikia siku za kwenda ziwani? Sasa kwa nini umeweka kosa?"

Nikadhani anatania. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa giza liliingia. Hapa tulitoka. Huku mwezi, hatukwenda. Hapa tena giza. Hii moja umekosea, tarehe kumi na tano sikwenda, boti iliharibika mashine." Akahesabu na kusema nimepatia karibu zote. Alifikiri naweka kumbukumbu ili tajiri asimpunje kwenye mgawo.

Nilikaa kwenye kigoda. Makosa karibu yote yalikuwa yamejipanga kwenye siku za giza. Siku za mbalamwezi, anapokuwa nyumbani, zilikuwa vema tupu, mstari mzima, isipokuwa mbili. Na chakula jikoni kilikuwapo siku zote. Chapati za watoto zilikuwapo hata mbalamwezi ikiwaka. Sikuwahi kuamka kuzifuata.

Nikamwambia. Kwanza la hotpoti, kwamba hakuwa mtoto. Akanyamaza. Kisha nikamwambia lile ambalo hata mimi nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza likitoka kinywani mwangu. Mwaka uliotangulia upepo ulipindua boti ya watu wa mtaa wetu na wawili hawakurudi, mmoja mkewe ni mteja wangu, nilimshonea nguo ya eda. Tangu hapo ikifika saa tano nasikiliza bati. Upepo ukiligusa bati nahesabu taa za ziwani, zikipungua nahesabu upya. "Nikila sisikii upepo," nikamwambia.

Mume wangu si msemaji. Alishona wavu kitambo, kisha akasema, "Mwanangu nimemkanya bure." Akamwita mtoto, wakaenda dukani wakarudi na biskuti, hakuna aliyenieleza kilichosemwa njiani. Na kuanzia giza lililofuata, kila anapotoka ananiambia wanaelekea wapi. Leo tunashuka upande wa Katonga. Leo Kalalangabo. Zamani hakuniambia, na mimi sikuuliza, nilidhani kuuliza ni kumwekea mkosi. Sasa nikitoka nje najua nitazame upande gani.

Hotpoti tukaiondoa. Akirudi asubuhi ananikuta naandaa uji na muhogo, tunakula pamoja, kisha yeye analala na mimi nakwenda Mwanga. Nilipata mume wa kunywa naye chai baada ya miaka ishirini ya ndoa. Sikulitafuta hilo wakati nakunywa limau.

Bado usiku wenyewe ulikuwepo, saa tano mpaka saa saba, na mtu hawezi kuukabili mikono mitupu. Nilijaribu mambo mengi. Chai ya mchaichai bila sukari ilisaidia kidogo, zaidi kwa sababu ya moto wake mikononi. Kupiga mswaki mara baada ya isha kulisaidia mpaka nilipogundua kwamba mswaki unaweza kupigwa mara mbili. Kulala mapema hakukusaidia kitu. Kilichonishika kweli ni kazi. Nikaanza kubeba nyumbani kazi za mkono: pindo za madera, vifungo, kutarizi shingo za kanzu. Nakaa barazani na taa ya sola, ziwa mbele yangu, kitenge cha mteja mapajani. Mkono ulioshika kitenge cha mteja hauendi kwenye mboga, kwa sababu doa la mawese halitoki, ukifua linageuka ramani. Ukishakuwa na deni la kitambaa cha mtu unaogopa hata kujikuna. Usingizi unanikuta na sindano, naingia ndani. Hata pato liliongezeka.

Mwaka 2024 likaja jambo ambalo wengi mnalikumbuka: ziwa lilifungwa, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Miezi mitatu. Kibirizi ikapoa, dagaa wakapanda bei mpaka tukawa tunawasalimia kwa heshima. Cherehani yangu ndiyo iliyolisha nyumba. Nilijiandaa kwa ajili ya kunenepa, maana shida za hela nazo ni shida, nilijua mkono utarudi jikoni. Haukurudi. Mume wangu alikuwa pale, na kwa kuwa amezoea kukesha hakuweza kulala; anakaa barazani mpaka saa nane akitazama ziwa jeusi lisilo na hata taa moja, ananisimulia mambo ya ujana wake ambayo sijui kama yote ni kweli. Nilishuka kilo tano katika miezi hiyo bila kuitafuta hata moja. Inawezekana ni ufukara tu, tulikula vidogo. Lakini maandazi ya watoto yalikuwa yanalala kabatini kila siku, na niliyaacha yalale.

Ziwa lilipofunguliwa taa zikarudi, na mimi giza la kwanza nilikula usiku nne mfululizo. Naandika hili kwa makusudi. La pili usiku mbili. Sasa inapita miezi hata miwili hakuna, halafu inatokea.

Leo nina kilo 79. Ukipiga ile hesabu ni karibu 31, kwa hiyo bado sijatoka, nesi aliniambia kwa uso uleule wa kutoshangaa. Presha imeshuka na dawa naendelea nazo. Kiuno ni inchi 38 na kwenye daftari nimeandika 38. Magauni nimeyabana upya, nikakuta ule mshono wa kwanza kabisa, alama ya sindano bado imo kwenye kitambaa.

Wiki mbili zilizopita upepo ulipiga vibaya. Wao walikuwa upande wa Kalalangabo, nilizihesabu taa na zote zilikuwapo, lakini bati lilikuwa linapiga makelele na kanzu niliyokuwa naitarizi nilikuwa nimeshaimaliza. Ilipofika saa sita nilikwenda jikoni. Nikawasha taa. Nikachukua sahani, nikapakua ugali uliobaki, kipande cha mgebuka, nikavuta kigoda nikakaa.

Mtoto akatokea, anakwenda chooni. Ana miaka tisa sasa. Akasimama mlangoni macho nusu.

"Mama, unakula?"

"Ninakula."

Akafikiri kidogo. Kisha akaja akakaa chini, akaosha mkono kwenye bakuli, akachukua upande wa mkia. Tulikula bila kuzungumza, bati likipiga. Alipomaliza akatazama sufuria, akauliza, "Na baba tumbakizie?"

"Baba yako anakunywa uji."

Akalamba vidole akaenda chooni.